Wafuasi 11,000, keki nne: Chagua mtandao unaokufaa, si ule unaovuma

DADA yangu mdogo huoka keki nyumbani kwetu mtaani Umoja, Nairobi.

Alianza baada ya kumaliza chuo na kutembeza barua za kuomba kazi mwaka mzima bila kuitwa kwa mahojiano hata mara mbili. Mama alimnunulia oveni ya mitumba, akapata mizani na bakuli, na biashara ikaanza.

Siku ya kwanza alifungua akaunti sita: TikTok, Instagram, Facebook, X, YouTube na hata LinkedIn. Kuna jamaa alikuwa amemwambia kwamba siku hizi usipokuwa kila mahali, huko popote.

Kila jioni alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuoka. Ya pili, iliyomla saa nyingi zaidi, ni kurekodi video, kuzihariri, kuzipakia kote sita na kujibu komenti hadi saa saba usiku.

Baada ya miezi minane alikuwa na wafuasi 11,000 kwenye TikTok. Video moja ambapo anakata keki ya rangi tatu huku wimbo wa Arbantone ukicheza ilitazamwa zaidi ya mara 200,000.

"Manze, tumeomoka," aliniambia. Mama alipiga simu ushago kuwajulisha kwamba binti yake sasa ni staa.

Mwezi huo aliuza keki nne. Mbili kati ya hizo zilinunuliwa na mashangazi zetu.

Nilimkuta jikoni usiku mmoja ameshika simu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Kaka, hebu ona," akasema. "Huyu yuko Mwanza. Huyu yuko Kisumu. Huyu anauliza kama natuma Mombasa. Sasa keki ya krimu nitaitumaje Mombasa?"

Tulichukua kalamu tukapiga hesabu. Keki nne kwa Sh1,500 ni Sh6,000. Toa unga, mayai, siagi, sukari na gesi. Kisha toa bando la Sh100 kila siku, ambalo kwa mwezi ni Sh3,000. Kilichobaki hakikutosha hata kununua unga wa mwezi uliofuata.

Biashara ilikuwa inakufa huku wafuasi wakiongezeka.

Kijana yeyote anayetafuta riziki kwa simu anafaa kuikumbuka hesabu hiyo. Wengi wetu huchagua mtandao kwa kuangalia wapi kuna watu wengi. Tunasahau kuuliza kama watu tunaowahitaji wako hapo, na kama wakitupenda wanaweza kutufikia.

Anayetazama na anayenunua

Tuanze na jinsi TikTok inavyofanya kazi, kwa sababu ndiko vijana wengi huanzia.

Mtandao huo hautegemei sana nani anakufuata. Ukipakia video, inaonyeshwa kwanza kwa watu wachache. Wakiitazama hadi mwisho, wakairudia au kuwatumia wenzao, inasukumwa mbele kwa wengi zaidi. Ndiyo maana mtu asiye na mfuasi hata mmoja anaweza kulala hana jina na kuamka akiwa gumzo la nchi.

Kwa mchekeshaji, mwanamuziki au mtu anayeuza kitabu cha kusomwa kwa simu, hiyo ni baraka. Anayemtazama akiwa Mwanza ana thamani sawa na anayemtazama akiwa Buruburu.

Kwa mwoka keki wa Umoja, mambo ni tofauti. Anahitaji watu mia mbili tu, lakini wawe karibu kiasi kwamba boda inaweza kuwafikishia keki kabla ya krimu kuyeyuka.

Na tusidanganyane, Wakenya wako TikTok. Ripoti ya Reuters Institute kuhusu habari za kidijitali ya mwaka wa 2023 iliiweka Kenya kileleni miongoni mwa nchi zilizochunguzwa kwa matumizi ya mtandao huo. Asilimia 54 ya waliohojiwa nchini walisema wanautumia kwa shughuli yoyote ile, na asilimia 29 wanautumia kupata habari.

Lakini watu kuwa sokoni haina maana kwamba wamekuja kununua nyanya zako. Wengi wamekuja kupita tu, kucheka na kwenda zao.

Maswali manne kabla ya kufungua akaunti

La kwanza: unamtafuta nani? Usiseme "kila mtu." Mtaje mtu mmoja kwa umri, kazi na mtaa.

Dada yangu alipofikiria vizuri, aligundua kwamba anayelipia keki ya mtoto wa miaka mitatu si msichana wa chuo anayebonyeza alama ya moyo saa sita usiku. Ni mama mwenye kazi, aliye katika kundi la wazazi wa shule, kundi la chama na kundi la ploti. Makundi hayo yote yako WhatsApp.

La pili: unachouza kinasafiri? Viatu vya mitumba kutoka Gikomba vinaweza kuwekwa kwa matatu asubuhi vikafika Nakuru kabla ya chakula cha mchana. Mafunzo ya hesabu yanaweza kupita kwa intaneti hadi Qatar. Kusuka nywele, kunyoa na keki ya krimu havisafiri.

Kama unachouza kinasafiri, nenda kwenye mitandao inayofika mbali. Kama hakisafiri, tafuta ile ambayo watu wa mtaani kwako tayari wanazungumza.

La tatu: kazi yako huonekana, husikika au husomwa? Fundi wa kucha ana picha. Mwalimu wa gita ana sauti na mikono. Mhasibu au mwanasheria chipukizi ana maneno. Nimeona vijana wenye maarifa mengi wakijilazimisha kucheza densi mbele ya kamera kwa sababu ndiyo fasheni, ilhali wangeandika aya tatu tu wangepata mtu wa kuwapa kazi.

La nne: una saa ngapi, na bando la pesa ngapi? Video hula bando kuliko picha, na picha hula kuliko maneno. Kama una nusu saa kwa siku, usichague mtandao unaodai saa tatu za kuhariri.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Sasa fikiria anayeshika sita. Kwa vijana wengi wanaoanza, mtandao mmoja mkuu na mwingine mmoja wa kusaidia unatosha kabisa.

Kila mtandao na kazi yake

WhatsApp ndio mtandao unaodharauliwa zaidi na wanaotafuta umaarufu, na ndio unaofunga biashara nyingi. Huwezi kuvuma huko, ni kweli. Lakini mtu aliyehifadhi nambari yako tayari anakujua au ameelekezwa kwako na anayekujua. Hahitaji kushawishiwa kwamba wewe si tapeli.

Ipo WhatsApp Business, iliyozinduliwa mwaka wa 2018 na isiyolipishwa kwa wafanyabiashara wadogo. Unaweza kupanga bidhaa zako zikiwa na picha na bei, kuandika saa za kazi, kuweka majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, na kuwawekea wateja lebo kama vile "amelipa" au "anasubiri."

Kuna pia orodha ya matangazo, ambapo unatuma ujumbe mmoja kwa watu hadi 256 na kila mmoja anaupokea kama umeandikiwa yeye peke yake. Sharti ni moja: unamfikia tu aliyehifadhi nambari yako. Kwa hivyo kazi yako ya kwanza kwa kila mteja ni kumwambia, "Tafadhali nihifadhi kwa simu."

Halafu kuna status, ambayo hudumu saa 24. Iweke saa ambayo watu wako kwa matatu wakirudi nyumbani. Usiweke picha 30 kwa siku, watu watakuzima.

Facebook vijana wengi wanasema ni ya wazee. Sawa, lakini wazee ndio wenye pesa za kununua kochi, kuku wa kienyeji na shamba. Nguvu yake ni makundi: ya mtaa, ya wafugaji, ya wanaonunua na kuuza. Kama wateja wako wana zaidi ya miaka 35, usiwadharau kwa sababu ya fasheni.

Instagram ni dirisha la duka. Mtu akisikia habari zako, huenda huko kuangalia kama kazi yako ni safi. Mpiga picha, mshonaji nguo, msusi na mpambaji wa harusi wanafaa kuwa huko. Picha tisa za kwanza anazoziona mgeni zionyeshe kazi yako bora, na maelezo yako yaseme uko wapi, unafanya nini na unapatikana vipi.

Na hapa niseme jambo ambalo wengi wenu hamtapenda. Ule mchezo wa kuandika "bei ni inboksi" unafukuza wateja. Mtu anayeona gauni na hajui kama ni Sh800 au Sh8,000 anapita tu. Andika bei. Asiye na uwezo ataendelea na safari, na aliye nao atakuja akiwa tayari.

TikTok ni mahali pa kujulishwa kwa wasiokujua. Itumie kama tayari umejua utawapeleka wapi wakikupenda: kwa nambari ya WhatsApp, kwa duka, au kwa video ndefu zaidi. Taja mtaa wako kwa mdomo na uuandike kwenye video.

YouTube ni maktaba. Video ya TikTok huwa imesahaulika baada ya wiki moja, lakini mtu anayetafuta "jinsi ya kurekebisha cherehani" mwaka ujao bado anaweza kukutana na video uliyopakia leo. Kama unafundisha kitu, iwe ni hesabu za KCSE, ufugaji wa sungura au ukarabati wa simu, jasho lako halipotei haraka huko.

X, ambayo wengi bado tunaiita Twitter ingawa ilibadilishwa jina Julai 2023, ni baraza. Ni mahali pa hoja, siasa, habari zinazochipuka na kulalamikia huduma mbovu. Mwandishi, mtafiti na mwanaharakati wana kazi huko. Mwoka keki hana kazi nyingi, labda tu kufuatilia bei ya unga.

LinkedIn inachosha, nakubali. Lakini waajiri na maafisa wa kuajiri wako huko. Usiandike tu kwamba umehitimu na unatafuta kazi. Andika kitu unachokijua: mradi ulioufanya chuoni, kosa ulilojifunza kwenye attachment, mashine uliyoiona ikifanya kazi. Na anayekuandikia huko akitaka utume pesa ya fomu au ya vipimo vya afya ndipo akupe kazi, huyo ni mwizi. Mwajiri wa kweli hakulipishi.

Kizazi hiki tayari kinajua

Tunasema haya kama kwamba ni mageni, lakini vijana wa Kenya waliyaonyesha dunia nzima mnamo Juni 2024 wakati wa kupinga Mswada wa Fedha.

Waliotaka kuwafikia wazazi na majirani walitumia TikTok, wakaeleza vipengele vya mswada huo kwa Kiswahili, Sheng na lugha za mama kwa video fupi. Waliotaka mjadala walikutana kwenye Spaces za X, ambapo maelfu walisikilizana hadi usiku. Waliotaka kumfikia mbunge moja kwa moja walimpigia simu na kumwandikia WhatsApp hadi simu yake ikajaa.

Hakuna aliyewaambia wawe kila mahali. Kila kazi ilipelekwa kwenye mtandao unaoiweza. Julai 5 mwaka huo, Rais William Ruto mwenyewe aliingia kwenye Space ya X kuzungumza nao, kwa sababu huko ndiko mjadala ulikokuwa.

Kama tuliweza kufanya hivyo kwa siasa, tunaweza kufanya hivyo kwa tumbo.

Pesa za mtandao wenyewe

Wengi hawauzi chochote. Wanataka mtandao uwalipe. Hilo linawezekana, ila ujue masharti kabla ya kuacha kazi.

Kwa YouTube, kupata mgao kamili wa pesa za matangazo kunahitaji angalau wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kuna ngazi ya chini ya wafuasi 500 inayofungua njia chache za kupata pesa kutoka kwa mashabiki, si mgao wa matangazo.

Saa 4,000 si mchezo. Kama kila anayekutazama anakaa dakika tatu, unahitaji kutazamwa mara 80,000 kwa mwaka. Inawezekana, lakini usikope pesa za keja ukitarajia kuzilipa mwezi ujao.

Kwa TikTok, wengi hapa kwetu hutegemea zawadi wakati wa Live, ambayo ni lazima uwe umetimiza miaka 18 kuifanya. Zawadi hizo hutoka kwa mashabiki, na mtandao hukata sehemu yake kabla ya kukulipa.

Na serikali nayo haijalala. Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 iliweka ushuru wa asilimia 5 unaokatwa kwenye malipo ya watayarishi wa maudhui ya kidijitali wanaoishi nchini. Weka rekodi zako vizuri ili siku KRA ikibisha hodi usianze kutoa jasho.

Usijenge nyumba kwa shamba la wenyewe

Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kote duniani kwa takriban saa sita. Hapa Kenya ilikuwa jioni, saa ambayo wateja wengi huagiza. Waliokuwa na nambari za wateja kwa daftari walipiga simu na kutuma SMS. Waliokuwa na wafuasi pekee walikaa wakitazama skrini.

Hiyo ilikuwa saa sita tu. Vine, iliyokuwa na video za sekunde sita na mastaa wake, ilifungwa Januari 2017. Google+ ilizimwa Aprili 2019. India ilipiga marufuku TikTok mwishoni mwa Juni 2020, na watu waliokuwa wamejenga jina huko kwa miaka walilipoteza kwa siku moja.

Usidhani ni mambo ya mbali. Agosti 2023 ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku lilifikishwa katika Bunge la Kitaifa hapa Nairobi. Mtandao haukufungwa, lakini swali lilikuwa mezani.

Wafuasi ni wa mtandao, si wako. Unachokimiliki ni majina na nambari za watu waliokuruhusu uwasiliane nao. Ziandike. Daftari la shule la Sh50 linaweza kuokoa biashara ya mamilioni.

Usisahau kwamba akaunti pia huibwa. Mtu atakuandikia akijifanya rafiki, akuombe umtumie tarakimu sita ulizopata kwa SMS. Ukimtumia, WhatsApp yako ni yake, na ndani ya dakika chache anaomba wateja wako pesa kwa jina lako. Leo hii, kabla hujalala, ingia kwa mipangilio na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Picha ya mteja ina mwenyewe

Kuna kosa ambalo vijana wa biashara ndogo hufanya kila siku bila kujua: kupakia picha za wateja bila kuwauliza.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza kilabu kimoja cha burudani jijini Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kupakia mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Shule moja nayo ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kutumia picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Kama unasuka nywele, unapaka vipodozi au unapamba sherehe za watoto, hilo linakuhusu. Muulize mteja, "Naweza kuweka picha hii Instagram?" Jibu lake liwe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp tu. Akikataa, piga picha ya nywele kwa nyuma au ya keki bila mtoto.

Na wewe mwenyewe pia una sura ya kulinda. Matusi uliyoandika ukiwa kidato cha tatu yanaweza kufukuliwa siku unayoitwa kwa mahojiano. Sheria ya makosa ya mitandaoni ya mwaka wa 2018 nayo inaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni, kwa hivyo ile tabia ya kumvamia mtu kwenye komenti kwa sababu wenzako wanamvamia si mzaha.

Jipe miezi mitatu

Ukishachagua, usihame kila wiki. Jipe miezi mitatu kwenye mtandao mmoja mkuu na mmoja wa kusaidia.

Ndani ya muda huo, muulize kila mteja swali moja: "Ulinipata wapi?" Andika jibu. Usihesabu mioyo, hesabu majibu hayo. Mwisho wa miezi mitatu daftari litakuambia pa kukaza na pa kuacha, na litakuambia ukweli kuliko jamaa yeyote anayejiita mtaalamu wa mitandao.

Ndivyo alivyofanya dada yangu. Alifunga akaunti nne. WhatsApp ikawa duka lake, TikTok akaiachia video moja kwa wiki, siku ya Jumapili. Aliomba ruhusa kwa msimamizi wa kundi la Facebook la mtaa wetu, akaruhusiwa kutangaza mara moja kwa wiki.

Pia alitengeneza stika yenye nambari yake ya simu na kuibandika juu ya kila kasha la keki. Hiyo haikuhitaji bando hata kidogo. Keki moja ya birthday hulisha watu 20, na kila mmoja wao huliona kasha.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu. Alipata oda tano, akanikasirikia kwa kumshauri aache kupost kila siku. Wafuasi wa TikTok waliacha kuongezeka na wengine wakatoroka. Mama aliuliza kama ameshaacha kuwa staa.

Mwezi wa tatu aliuza keki 19. Tulifungua daftari tukahesabu pamoja mezani. Wateja 12 walitoka kwa status ya WhatsApp, wanne waliona stika kwenye kasha, wawili walitoka kwa kundi la Facebook.

Mmoja alitoka TikTok. Ni mama anayeishi Umoja, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Alimwambia dada kwamba amekuwa akimtazama tangu video za mwanzo na alizipenda sana zile keki.

Hakuwahi kuagiza kwa sababu katika miezi minane yote ya kupost kila siku, hakuna video hata moja iliyosema keki hizo zinaokwa wapi.